Uwanja Uliojaa Neoni

Mwezi uliopita bomba lilipasuka chini ya uwanja wangu. Mafundi wakang'oa vitofali vya sementi nilivyovipanga kwa gharama na majivuno, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikauona udongo wa nyumbani kwangu. Mmoja wao akaumwagia maji ili vumbi litulie. Harufu ile ilipopanda, nilichuchumaa nikachora duara kwa kidole, na nje yake duara la pili, na nje ya hilo la tatu. Fundi mkubwa akaniuliza kama napima shimo. Nikamwambia hapana, nachora sodiamu. Akaitikia kwa upole wa mtu aliyekwisha kuona wateja wa kila aina, akaendelea na bomba lake.

Wenzangu mliokulia Mwanza miaka ile ya ruksa hamhitaji kuelezwa sana. Maduka yalikuwa yamefunguka, sabuni za kunukia zimepangwa madirishani, mitumba inamwagwa chini kila penye nafasi, na samaki wa ziwani wamewapa watu fedha ambayo hawakujua waifanyie nini isipokuwa kujenga. Waliojenga walitaka mageti. Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea pale Igoma, kando ya barabara ya Musoma, kwa hiyo mageti ya watu ndiyo yaliyotulisha. Mama alikaanga mapanki, yale mafuvu na mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishapelekwa Ulaya, akayauza mbele ya banda la baba. Utoto wangu wote ulinukia chuma kilichoungua na mafuta ya samaki, na mpaka leo harufu hizo mbili zikikutana pua yangu hufurahi kabla yangu.

Nyumbani tulikuwa wengi. Ndani walilala baba na mama, na sisi watoto wanane, wakiwemo wawili wa shangazi waliokuja likizo na hakuna aliyekumbuka kuwarudisha. Dada Minza, mkubwa wetu sote, alilala peke yake katika chumba cha uani karibu na geti, alichopewa na baba alipoingia kidato cha nne ili asome bila kelele zetu. Minza ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenipenga kamasi, ndiye aliyesimama katikati kaka zangu waliponigeuza mpira. Nilikuwa nimerithi jina la mama yake baba, kwa hiyo nyumba nzima iliniita bibi, lakini ni Minza peke yake aliyenisikiliza kama mtu anavyomsikiliza bibi yake. Nilimpenda kupita kiasi. Nalisema wazi kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na hilo.

Somo lililomtoa jasho Minza lilikuwa kemia. Hesabu aliziweza, ila kemia ilifundishwa kwa Kiingereza, na alisema akiulizwa mbele ya darasa majina yote humtoka kichwani na kumwacha amesimama. Swali alilolihofia kuliko yote lilikuwa lile la michoro. Unaonyeshwa maduara yanayozungukana, yana nukta juu yake, hayana jina wala maelezo. Nukta ni elektroni. Unazihesabu, mzingo wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha unataja ni elementi gani. Kitabu chenye michoro hiyo kilikuwa kimoja kwa wanafunzi wengi, naye zamu yake ilikuwa Jumamosi mpaka jioni. Karatasi za kuchezea hazikuwepo. Uwanja ulikuwepo.

Basi kila Jumamosi, sisi tukishafagia na kunyunyizia maji, Minza alichomeka msumari ardhini, akaufunga uzi, akauzungusha mpaka maduara yakatoka mviringo safi. Katikati aliweka kizibo cha soda. Juu ya maduara alipanga choroko, moja moja, akitazama kitabuni. Alichora mengi hivyo, yakaenea kuanzia mlango wa jikoni hadi kwenye lile jiwe kubwa tulilokuwa tukianikia nguo. Kisha alichukua ndoo akaenda kuchota maji, makusudi ili asahau mpangilio, na akirudi alipita kutoka duara hadi duara akihesabu na kutaja majina kwa sauti. Sisi tulikatazwa kukanyaga. Adhabu ya kukanyaga ilikuwa kuosha sufuria za mapanki, na aliyewahi kuosha sufuria ya mapanki anajua kwa nini hatukukanyaga.

Hakuna aliyenieleza ile michoro ni nini, na mimi sikuuliza, kwa sababu mtoto haulizi kitu anachokijua. Nilikuwa nimekwenda kwa babu, kijijini huko Magu, nikaona boma lilivyo. Katikati kuna zizi la ng'ombe. Kulizunguka kuna nyumba ya mwenye boma na mkewe, halafu nyumba za watoto na ndugu, na nje kabisa ua wa minyaa. Sasa hapa kuna kizibo katikati, ndilo zizi. Mzingo wa kwanza una choroko mbili, ndio baba na mama. Mzingo wa pili watoto. Niliona dada yangu anachora familia za watu, nikaona ni masomo mazuri sana, nikashangaa kwa nini yanamtoa jasho.

Nikaanza kuzijua familia hizo. Kulikuwa na boma la mtu mmoja tu, nikamwonea huruma, nikaamua ni mjane. Kulikuwa na boma la wawili peke yao, waliooana juzi. Kulikuwa na wazee wenye watoto wanne, watu wa kawaida, na wenye watoto sita, waliochangamka. Mimi nilimsikia Minza akisema haidrojeni, heli, kaboni, oksijeni, nikayachukua kuwa majina ya koo. Sikuona ajabu, maana pale Igoma tulikuwa na majirani Wakerewe, Wajita na Wajaluo, na majina ya watu hayakunishinda.

Siku moja Minza alichora maboma mawili ubavu kwa ubavu na kati yao akachora mshale. Boma la kushoto lilikuwa na wawili, halafu wanane, halafu nje kabisa mmoja peke yake. Nilisimama nikalitazama. Baba na mama. Watoto wanane wa ndani. Mmoja karibu na geti. Nilihesabu tena kwa vidole, na ilikuwa vilevile: lile lilikuwa boma letu.

Nikamuuliza huyu wa nje anakwenda wapi.

Minza alikuwa ameinama, kitabu mkononi, hakuinua hata uso. "Anahamia kule," alisema. "Hapa hatulii. Na kule wako saba mzingo wa nje, wanamngoja mmoja tu watimie wanane."

"Na kurudi?"

"Harudi kirahisi, bibi. Nipishe, unaniwekea kivuli."

Nikampisha. Nilikwenda nyuma ya jiwe la nguo nikakaa nikifikiri, kwa sababu nilikuwa namjua mtu mwenye saba. Wiki ile alikuwa amefika mteja wa baba, mzee mmoja wa makamo mwenye pikapu nyeupe, mfanyabiashara wa kayabo, wale sangara waliopasuliwa wakatiwa chumvi na kukaushwa. Alikuwa anajenga Buswelu, na geti lake la kwanza lilikuwa limeng'olewa na watoto wake wenyewe kwa kulipanda. Alimwambia baba ana vijana saba, wote wa kiume, na hakuna chuma kinachowafaa. Minza alipomletea chai, akapiga magoti na kumwamkia, yule mzee alitikisa kichwa akasema huyu binti ana adabu, nyumba yangu haina mtoto wa kike. Baba akacheka. Mimi nilikuwa chini ya meza nikila makombo ya mandazi na nilisikia kila neno. Boma la kulia lilikuwa na wanane mzingo wa kati, lakini hilo halikunisumbua. Mwenye pikapu hakosi ndugu wa kukaa naye.

Kwa hiyo Minza anaolewa, na anajua, na anachora ili azoee. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Sikumwambia mtu. Nilifikiri mambo ya wakubwa yakishasemwa kwa sauti hayarudi nyuma, bora niyaharibu kimyakimya. Minza alipobeba ndoo, nilikwenda kwenye boma letu, nikaichukua ile choroko ya nje, nikaila. Choroko mbichi ni ngumu na ina ladha ya udongo, lakini niliitafuna mpaka ikaisha. Sasa hakuna wa kuhama.

Minza aliporudi alisimama akakuna kichwa. "Neoni," alisema. Akafungua kitabu, akafunga. Nikafurahi. Sikujua neoni ni nani, ila nilisikia hana mtu getini.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimezidi kupata akili. Kama hatari ni kuwa peke yako mzingo wa nje, basi nisingoje mshale. Nilipita uwanja mzima, na kila penye mmoja wa pembeni nikamla. Lithi iligeuka heli. Sodiamu ikageuka neoni. Potasiamu ikageuka agoni. Minza alirudi na ndoo akaanza kutaja, heli, neoni, heli tena, agoni, neoni, na sauti yake ikawa inashuka. Akaamua ni kuku wanaozidonoa choroko. Wiki iliyofuata kuku wote walifunikwa kwa tenga tangu asubuhi, wakalalamika mpaka majirani wakauliza kuna nini, na bado uwanja ukajaa neoni.

Hapo ndipo Minza alipoketi kwenye ndoo yake akalia. Hakulia kwa sauti. Alimwambia mama kuwa mtihani umekaribia na yeye hata kupanga choroko hawezi, anapanga kumi na moja, akirudi ni kumi, na kama kichwa chake kimefika hapo afadhali aache tu shule amsaidie kukaanga. Mama akamwambia apumzike, akili huchoka kama mkono. Mimi nilikuwa pembeni na choroko mdomoni. Sikuweza kumeza wala kutema, na nilijisikia vibaya sana, lakini nilijiambia afadhali alie hapa kwetu kuliko acheke kule.

Sijui ningefika wapi, kama mchana ule ile pikapu nyeupe isingesimama mlangoni. Mzee wa kayabo alikuwa amefuata geti lake. Baba akamkaribisha uani kwa chai, akakaa kwenye kigoda, miguu yake ikiwa karibu kabisa na maboma. Minza alikuwa amenawa uso, anakuja na birika. Nikaona hakuna tena muda. Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Dada haji kwenu. Choroko zote nimezila."

Mzee alikitazama kikombe chake kana kwamba choroko hizo zinaweza kuwa humo. Baba akaniuliza, bibi, unasema nini. Nikaanza kueleza, na nilipoanza nikashindwa kusimama, nikaeleza yote, zizi na mwenye boma na wanane wa ndani na Minza getini na vijana saba wanaongoja mmoja watimie, na mshale, na kwamba harudi kirahisi, amesema mwenyewe. Nilimalizia kwa kilio kikubwa. Ndani ya kilio hicho nilisikia sauti ambayo sikuitegemea. Minza alikuwa ameweka birika chini, amejishika mbavu, anacheka mpaka anakosa pumzi, akisema, "Kumbe naweza kuhesabu. Mama, kumbe naweza kuhesabu."

Mzee wa kayabo naye akacheka, kicheko cha mtu mnene, akaapa kwamba vijana wake saba hawezi kumpa binti wa mtu hata mmoja, hawajui hata kufunga mlango. Mama akanifuta kwa kanga. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa amechuchumaa juu ya sodiamu, mikono yake yenye makovu ya cheche juu ya magoti, anatazama.

"Lakini bibi hajakosea," alisema. "Hili ni boma. Hapa zizi, hapa mwenyewe na mkewe."

"Baba, hizo ni elektroni," Minza akasema.

"Sawa. Hata elektroni zinakaa mahali."

Minza akainama karibu na baba. Nilimwona akitazama uwanja wake kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Baba akamuuliza boma lile pale, lenye wawili wa getini, ni la nani. Minza hakuhesabu hata. Akasema hao ni wazee wenye wanane na mapacha mlangoni, magnesi. Na lile? Wazee, watoto watano, wanasubiri watatu: nitrojeni. Na lile lililojaa pande zote, halina anayetoka wala wanayemngoja? Agoni, alisema Minza, watu wanaojitosheleza, hawatembelei mtu.

Mzee wa kayabo alitaka kujua huyo aliyehama kutoka kushoto kwenda kulia anafikia wapi. Minza akamweleza pole pole, kwa Kiswahili, akitafuta maneno, na kwa mara ya kwanza hayakumkimbia. Huyu sodiamu akimtoa wa nje, na yule klorini akimpokea, wote wawili wanatulia, na tangu hapo wanashikana, hawaachani. Wakishashikana ndiyo chumvi.

"Chumvi hii hii?"

"Hii hii ya kula."

Yule mzee aliweka kikombe chini. Alisema ametia samaki chumvi tangu ujana wake, gunia juu ya gunia, na nyumba ya Buswelu imesimama kwa chumvi, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Mama akaingia jikoni akatoka na chumvi kiganjani, tukaizunguka sote kuitazama, na mimi nikalamba kidogo ili nihakikishe. Ilikuwa chumvi. Minza akanivuta akanikalisha mapajani, mkubwa kama nilivyokuwa, akaniambia sikioni, "Mimi siendi popote, bibi."

Tangu siku hiyo uwanja ulikuwa wa familia nzima. Kaka zangu walipanga maboma, Minza akageuza mgongo, kisha akageuka na kutaja. Baba alitoka bandani na miwani yake ya kuchomelea ameipandisha kichwani, akasimama dakika moja, akauliza la nani lile, akarudi kazini. Wateja wa mapanki nao walianza kubahatisha. Kuku waliachiwa huru, na elektroni zikipotea tuliwalaumu wao, safari hii kwa haki kabisa. Sijawahi kuona nyumba iliyocheka hivyo juu ya somo ambalo saba kati yetu hatukuwa tumelifikia darasani. Minza alipotoka kwenye mtihani wa kemia alisema michoro ilikuwepo, na alipoiona alitabasamu mpaka msimamizi akamtilia shaka.

Alifaulu. Alifaulu kiasi kwamba alichaguliwa kwenda kidato cha tano, mchepuo wa sayansi, shule ya bweni huko Tabora. Baba alipiga nyundo siku nzima bila sababu, akitengeneza tranka la chuma ambalo mtu mzima angeweza kulala ndani. Mama alinunua sabuni ya kunukia. Mimi nilikaa nyuma ya jiwe la nguo.

Minza alinifuata huko. Aliketi chini, gauni na yote.

"Nilikuambia siendi popote," alisema. "Sasa naenda. Umekasirika?"

Nikamuuliza kama anataka kwenda.

Hakunidanganya. "Nataka mpaka tumbo linauma," alisema. "Lakini nikikuona hivi, nashindwa kufunga tranka."

Niliangalia vidole vyake vya miguu. Nilikuwa nimekula choroko zile zote kwa ajili ya mtu huyu, na ningekula nyingine, gunia zima, kama ingesaidia kitu. Lakini nilimwona alivyokuwa, anangoja jibu langu kama vile mimi ndiye bibi kweli, na uso wake ulikuwa unawaka kwa furaha aliyokuwa akijaribu kuizima kwa ajili yangu. Sikupenda aizime. Nikamwambia aende, ila anisuke kwanza, misuko midogo midogo ya kukaa muda mrefu. Alinisuka alasiri nzima na hakuna aliyethubutu kumtuma.

Stesheni tulikwenda watatu, baba, yeye na mimi, maana mama hakuweza kuacha moto. Kaka zangu waliniahidi kwamba nitalia mpaka treni irudi nyuma, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejiandaa, nimebeba kitambaa. Tranka lilipandishwa kwa wanaume watatu. Minza akatoa kichwa dirishani. Treni ilipotikisika, nilingoja kilio changu kije, lakini hakikuja, nikapunga mkono kwa nguvu nikimwita jina mpaka behewa la mwisho lilipopinda nyuma ya mawe. Nilikuwa na furaha. Iliniuma, lakini ilikuwa furaha, na sikujua mpaka siku ile kwamba vitu hivyo vinaweza kuwa pamoja.

Nilipogeuka kumshika baba mkono, niliona mabega yake yanatetemeka. Fundi wangu wa mageti alikuwa analia, waziwazi, mbele ya wachukuzi na wauza karanga. Nikampa kitambaa. Nikamwambia anakwenda kusoma tu, likizo atarudi, asijali. Aliitikia kwa kichwa, akapenga kamasi, tukaondoka taratibu.

Tulipofika nyumbani mama aliuliza kutoka jikoni kama nililia. Baba akavua viatu, akaviweka sawa mlangoni, akasema kwamba mimi nililia sana, yeye akanituliza kwa karanga. Kaka zangu wakaanza kunicheka. Nikamtazama baba, naye akatazama pembeni. Nikasema ndiyo, nililia sana, nikaenda kumsaidia mama kupakua.